Pesa Inapitia Mkono wa Nani

Jumamosi moja ya mwaka 1884, kijana wa miaka 28 amesimama kwenye kona ya mtaa jijini Dublin, Ayalandi, hatua chache kutoka mlango wa baa. Mfukoni hana hata peni. Wiki nzima hakukanyaga kazini, alikuwa akinywa, na asiyefanya kazi halipwi. Anawasubiri wenzake watoke na mishahara yao. Ana hakika watamkaribisha, maana yeye mwenyewe amewanunulia mara nyingi.

Wanapita. Wanamsalimu. Wanaingia ndani.

Hakuna aliyemwita.

Huyo ni Matt Talbot. Alirudi nyumbani, na mama yake akashangaa kumwona mapema hivyo, tena akiwa mzima. Siku hiyohiyo akaenda kwa padri kuapa kwamba hatakunywa kwa miezi mitatu. Hakunywa tena mpaka alipoanguka na kufa njiani akienda misani, tarehe 7 Juni 1925. Leo Kanisa Katoliki limemfikisha hatua moja kabla ya kutangazwa mwenye heri.

Hadithi hii husimuliwa kama habari ya roho iliyookoka. Mimi imenikaa kichwani wiki kadhaa kwa sababu ya yule mama. Elizabeth Talbot alizaa watoto 12. Mumewe Charles alikuwa mnywaji. Watoto wake wa kiume, isipokuwa mkubwa, walimfuata baba yao, na Matt alianza akiwa na miaka 12 tu, alipopata kazi kwa mfanyabiashara wa pombe. Mishahara kadhaa ilipatikana katika nyumba ile. Tukiihesabu kwenye karatasi, hawakuwa maskini wa kutupwa.

Basi kwa nini hapakuwa na kitu?

## Dirisha la mshahara lilikuwa kaunta

Tuanzie bandarini. Kuli wa Dublin hakuwa na ajira ya mwezi. Alichaguliwa asubuhi kwa kunyooshewa kidole, akapakua makaa au nafaka, na jioni msimamizi aliyemchukua akamlipa. Wapi? Mara nyingi ndani ya baa, ambayo pengine ilikuwa ya msimamizi mwenyewe au ya jamaa yake. Kundi likilipwa kwa mkupuo lazima chenji itafutwe, na mwenye chenji ni mwenye baa. Ukipokea chako ukaondoka bila kuagiza kitu, kesho kidole kitakuruka.

Sheria ya kukataza kulipa mishahara ndani ya baa ilipitishwa mwaka 1883. Hata hivyo, Jim Larkin alipofika Dublin na kuanzisha chama chake cha wafanyakazi mwaka 1909, mambo yaliyompandisha hasira yalikuwa ni hilohilo. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita na desturi bado ina nguvu kuliko karatasi.

Halafu kuna raundi. Wanywaji wetu wanaijua vizuri, lakini ifuatilie kwa kalamu. Watu watano wakikaa meza moja, kila mmoja atawanunulia wote watano kwa zamu. Aliyeingia akisema nanywa painti moja nikalale atatoka na painti tano tumboni, na painti moja ni mililita 568. Hiyo ni karibu lita tatu za bia nyeusi. Akiondoka kabla ya zamu yake ya kununua, ni bahili. Akiondoka mara tu baada ya kununua, ameacha mezani alicholipia. Saa pekee ya kuondoka kwa heshima ni pale kila mtu amenunua, na hapo ndipo mmoja wao huanzisha mzunguko wa pili.

Raundi haina kiti cha mtu asiye na kitu. Matt Talbot aliligundua hilo pale konani.

## Peni mbili kwa kichwa

Kibarua asiye na ujuzi jijini Dublin, karibu na mwaka 1913, alipata kama shilingi 18 kwa wiki. Shilingi ile ilikuwa na peni 12. Tuchukue nyumba ya baba, mama na watoto watano, na tuseme baba anakunywa theluthi moja ya mshahara. Huyo mtaani haitwi mlevi. Ni mwanamume wa kawaida.

Zinabaki shilingi 12. Toa 3 za kodi ya chumba, zinabaki 9, yaani peni 108. Gawa kwa siku saba, kisha kwa watu saba: peni mbili na kitu kwa kichwa kwa siku, na hapo hujanunua makaa, sabuni, mshumaa wala viatu. Mkate na chai vinawezekana. Majarini kidogo inawezekana. Nyama kwa watoto haiwezekani.

Sasa baba akinywa nusu badala ya theluthi, shilingi 3 zaidi zinaondoka. Kodi haipungui, kwa hiyo zote zinatoka kwenye mkate. Shilingi 9 za chakula zinabaki 6. Huyu ndiye mlevi wa mtaani, na baina yake na mwanamume wa kawaida kuna shilingi tatu tu.

Nililirudia hesabu hili mara kadhaa nikidhani nimekosea.

## Suti ya Jumatatu

Pengo lile mama aliliziba kwa rehani. Utaratibu ulikuwa na siku zake.

Jumatatu asubuhi, baba akishatoka, suti yake ya kanisani inakunjwa ndani ya karatasi au shuka na kupelekwa kwa mwenye duka la rehani. Mama anapewa shilingi chache na tiketi. Zile shilingi ndizo chakula mpaka siku ya mshahara, iwe Ijumaa au Jumamosi. Jumamosi jioni, mshahara ukifika, anarudisha alichokopa pamoja na riba na suti inatoka. Jumapili baba anakwenda misani amependeza, pengine bila kujua kwamba suti yake hulala nje siku tano kati ya saba. Jumatatu inarudi ilikotoka.

Mashine hii hufanya kazi ikiwa mshahara unafika Jumamosi kabla duka halijafungwa. Baba akichelewa baa kwa saa mbili tu, suti inabaki rehani, Jumapili anakosekana kanisani, na mtaa mzima unaelewa kwa nini. Wiki inayofuata mama hana cha kupeleka, kwa sababu kitu chenyewe tayari kiko huko. Anashuka ngazi: mablanketi, kisha viatu, kisha sufuria. Mwisho kabisa ni vifaa vya kazi vya baba. Fundi seremala asiye na msumeno Jumatatu asubuhi hana mshahara wa Ijumaa, na kamba imejifunga yenyewe.

Baada ya hapo kulikuwa na mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye Watanzania wa leo humwita kausha damu. SACCOS za kwanza za Ayalandi zilianza mwaka 1958, Nora Herlihy, mwalimu wa shule, akiwa miongoni mwa walioziasisi. Aliyewahi kusimama foleni ya rehani hakuhitaji kuelezwa faida yake.

Kuna jambo dogo ambalo siwezi kuliacha. Viatu vya msaada walivyopewa watoto vilitiwa alama ili duka la rehani livikatae. Aliyetoa msaada alijua vizuri viatu vitaishia wapi. Mtoto alivaa kiatu kilichowatangazia wote kwamba nyumbani kwao haiaminiki hata kwa kiatu.

## Sufuria inayosubiri

Dublin ina chakula kinachoitwa coddle. Ukikitazama kwa jicho la mpishi, kinasimulia mengi.

Vitunguu vilivyokatwa vinatangulia chini ya sufuria. Juu yake viazi, kisha soseji na vipande vya nyama ya nguruwe ya chumvi, mabaki ya bei ya chini kutoka kwa mchinjaji. Pilipili manga. Maji yafike usawa wa viazi vya juu, kifuniko kikazwe, moto uwe mdogo kabisa, kwa saa mbili au zaidi. Soseji hazikaangwi kwanza, ndiyo maana mgeni akizitazama zilivyopauka hupoteza hamu. Chumvi huonjwa mwishoni, nyama tayari imebeba yake. Kosa kubwa ni haraka: moto ukizidi, soseji zinapasuka, viazi vinageuka uji na mafuta yanaelea juu.

Kilipikwa sana Alhamisi, ili nyama iishe kabla ya Ijumaa ya Wakatoliki kutokula nyama. Lakini akina mama walikipendea jambo jingine: hakiharibiki kwa kusubiri. Unaweza kukiacha pembeni ya moto mpaka mwanamume arudi kutoka baa, iwe saa mbili usiku au saa sita.

Soseji ziliwekwa kwa ajili yake. Watoto walikula mapema, viazi na mchuzi na kipande cha mkate wa kuchovya. Si kwamba mama hakuwapenda. Mwenye kubeba magunia akidhoofika, hata huo mkate utakatika. Baba mlevi alikula vizuri kuliko watoto kwa sababu ya ulinzi wa mshahara, na mshahara wenyewe ulikuwa ukinywewa. Mama alijua. Alipika hivyohivyo.

## Kusoma ngazi

Sensa ya mwaka 1911 ilikuta zaidi ya familia 20,000 za Dublin zikiishi kila moja katika chumba kimoja. Katika nyumba namba 14 ya Henrietta Street, jumba lililojengwa kwa ajili ya matajiri wa karne ya 18, walihesabiwa watu 100. Leo ni makumbusho. Ngazi zake zinapandwa na watalii.

Mtoto wa mlevi alizijua ngazi za nyumba yao kwa sikio. Hatua nyepesi za kufuatana: amekunywa kidogo, huenda akaimba. Hatua, kimya, hatua mbili, mkono unaburuza ukutani: weka madaftari chini ya kitanda, jifanye umelala. Kimya kirefu mno: shuka ukamtazame. Hayo aliyajua kabla ya kujua kugawanya.

Alitumwa pia. Watoto walipelekwa baa na jagi kuchukua bia, mpaka sheria ya mwaka 1901 ilipokataza kuwauzia walio chini ya miaka 14, isipokuwa katika chombo kilichozibwa na kutiwa lakiri. Ijumaa alitumwa kumsimamia baba. Hakutakiwa kusema kitu. Asimame tu pale anapoonekana, mpaka aibu imtoe baba kitini au wenzake waseme mpe mtoto chake aende. Mtoto mdogo alifaa zaidi kwa kazi hiyo, na msichana zaidi ya mvulana.

Hapa nakwama kila ninapojaribu kuandika. Ningependa baba huyu awe jitu baya, mambo yaishe. Lakini watoto wengi wa nyumba hizo walipokua walimkumbuka baba aliyekuwa mtamu wa mazungumzo, mjuzi wa nyimbo, aliyewabeba mabegani Jumapili asubuhi. Jumapili baa zilifunguliwa kwa saa chache. Angekuwa mbaya siku zote, wangemchukia na kupumzika. Yule wa Jumapili ndiye aliyewafanya wamsubiri Ijumaa.

Kwa nini hawakusema kwa mtu? Kwa sababu ya mkaguzi wa kuzuia ukatili kwa watoto. Chini ya sheria ya watoto ya mwaka 1908, mahakama iliweza kumtoa mtoto nyumbani kwa kukosa matunzo na kumpeleka katika taasisi zilizoitwa shule za viwanda, nyingi zikiendeshwa na watawa. Serikali ilizilipa kwa kichwa cha mtoto. Ripoti ya tume iliyotoka mwaka 2009 ilieleza yaliyokuwa yakitendeka humo: kipigo, njaa, na uchafu mwingine ambao sitauandika hapa. Wazazi hawakuhitaji ripoti. Walijua ya kutosha kufunga mlango na kuwafundisha watoto kusema baba anaumwa.

Waliofunguliwa mlango ni wale wa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, waliokuja wawili wawili na hati za mkate na makaa badala ya pesa taslimu. Unaweza kuona kwa nini hawakuleta pesa taslimu. (Msomaji wa Nairobi aliyewaona wana Legio ya Maria wakitembelea nyumba wawili wawili ameona tawi la mti huohuo. Legio ilianzia Dublin mwaka 1921, mwanzilishi wake Frank Duff akiwa mtu wa Vinsenti wa Paulo, na aliyeileta Afrika Mashariki, Edel Quinn, amezikwa Nairobi.)

## Ilipwe kwa baba

Mwaka 1944 Ayalandi ilipitisha posho ya watoto: shilingi 2 na peni 6 kwa wiki, kuanzia mtoto wa tatu. Nyumba yetu ya watoto watano ingepata shilingi 7 na peni 6. Rudi kwenye hesabu la juu, ingawa bei zilikuwa zimepanda, uone pesa hiyo ingekuwa na uzito gani kwa mama.

Sheria ikasema ilipwe kwa baba.

Mama aliweza kuichukua iwapo baba angemteua. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike, maana waliotunga sheria hawakuwa wajinga. Baa waliziona. Mwaka 1927 tu walikuwa wameweka sheria ya kuzifunga za Dublin na Cork kwa saa moja kila mchana, ili wanaume wakumbuke kurudi kazini. Walijua pesa huishia wapi, na bado wakaipitisha njia ileile, kwa kuwa kumpa mama kungekuwa kukiri kwamba kichwa cha nyumba si kichwa.

Sheria nyingine ziliubana mlango huohuo. Mwanamke aliyeajiriwa na serikali aliacha kazi siku anapoolewa, mpaka mwaka 1973. Talaka ilipigwa marufuku na katiba ya mwaka 1937, na kura ya kuiondoa marufuku hiyo ilipita kwa wembamba wa unywele mwaka 1995. Posho ya mke aliyetelekezwa ilianza mwaka 1970, lakini ilibidi utelekezwe kweli. Ambaye mumewe alirudi kila usiku akiwa chakari hakuhesabiwa ametelekezwa. Amri ya mahakama ya kumzuia mume asiingie nyumbani ilikuja mwaka 1976.

Posho ya watoto ilihamia kwa mama mwaka 1974. Miaka 30. Mtoto wa tatu aliyezaliwa mwaka ilipoanza alikuwa na watoto wake tayari.

## Umaskini kwanza au chupa kwanza

Najua pingamizi, na sina jibu la kuniridhisha. Chumba kimoja, watu saba, nguo mbichi zimeanikwa juu ya kitanda, choo cha uani cha jumba zima. Baa ina moto, taa, kioo, na mtu anayekuita kwa jina. Nani asingekwenda? Ukitazama hivyo, pombe ni mtoto wa umaskini.

Lakini katika ngazi hizohizo, mlango wa pili, aliishi kuli mwenye mshahara uleule aliyemkabidhi mkewe bahasha haijafunguliwa, akarudishiwa vijisenti vya tumbaku. Bahasha isiyofunguliwa ndiyo ilikuwa kipimo cha mume mwema. Wake waliizungumzia kama wengine wanavyozungumzia mahari.

Kanisa lilipambana kwa viapo. Padri Theobald Mathew alianza Cork mwaka 1838 na umati ukaapa mbele yake. Njaa kuu ya viazi ilipopita, vuguvugu lilikuwa limezimika. Mwaka 1898 Padri James Cullen akaanzisha Wapioneer wa Moyo Mtakatifu, chama cha wasiokunywa kabisa, na watoto wakawa wanaapa siku ya kipaimara kwamba hawatakunywa mpaka wakue. Naiheshimu nia. Ila tazama nani anaapa: mtoto, kwa niaba ya chupa ya baba yake. Walevi wenyewe kukaa chini na kusaidiana, kundi la AA, kulianza Dublin Novemba 1946, la kwanza barani Ulaya.

Na kuna njia ambayo hakuna aliyeitungia sheria. Shule ilikuwa lazima mpaka miaka 14. Siku mtoto mkubwa anatimiza hiyo miaka, aliingia kiwandani au kubeba vikapu vya duka, na Ijumaa bahasha yake ilikwenda kwa mama, haijafunguliwa. Alimwiga kuli wa mlango wa pili, si baba yake. Baadaye akapanda meli kwenda Uingereza. Katika miaka ya 1950 waliondoka Ayalandi watu kama 400,000. Kutoka Liverpool, Birmingham na London zilirudi hawala za posta ndani ya barua, na kwenye bahasha liliandikwa jina la mama, wala si la kichwa cha nyumba. Hazikupita kaunta. Hakuna mbunge aliyeliona hilo kuwa sera, lakini watoto wale waliifanya kazi ya mwaka 1974 miaka 20 kabla yake, kwa gharama ya kuondoka.

Siku hizi posho hiyo ni euro 140 kwa mwezi kwa kila mtoto, na kwa kawaida mama ndiye anayelipwa. Inaingia Jumanne ya kwanza ya mwezi.

Jumanne, wala si Ijumaa.